Kazi Pungufu na Ionekane Pungufu

Nati iliyoshikishwa kwa vidole na nati iliyokazwa kwa spana mpaka kipimo chake, ukizitazama kwa umbali wa mkono mmoja, hazina tofauti. Zote zimekaa kwenye bolti, zote zimegusa washa, ile pete bapa ya chuma chini ya nati, zote zinang'aa chini ya tochi. Tofauti hujitokeza baadaye, injini ikishaanza kutetemesha kila kilichofungwa kwenye ndege: moja itakaa pale miaka na miaka, nyingine itajifungua taratibu bila mtu kujua. Mimi ni fundi wa ndege. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeimaliza hangani, yaani kwenye jengo la kutengenezea ndege, zaidi zamu ya usiku, kwa sababu usiku ndio ndege za abiria hupumzika na sisi ndipo tunapoanza. Nikiulizwa kosa gani la matengenezo ninaloliogopa kuliko yote, simtaji fundi asiyejua kazi. Huyo hujulikana mapema na watu humwangalia kwa karibu. Ninachokiogopa ni kazi iliyokatishwa njiani, ikaachwa ikiwa na sura ya kazi iliyokwisha.

Aliyenifundisha kuliogopa jambo hili ni fundi mkuu wa zamu niliyoanza nayo, mzee wa maneno machache ambaye hakupenda kupaza sauti hangani. Usiku mmoja alikuta kijana mwenzetu anabadilisha bomba la haidroliki, yaani la mafuta yenye shinikizo yanayosukuma viungo vya ndege, ndani ya chumba cha magurudumu. Kijana alikuwa ameshaliweka bomba mahali pake, akashikisha nati za pande zote mbili kwa vidole ili lisianguke, halafu akaenda stoo kufuata spana ya kupimia mkazo, ile tunayoiita toki. Hakufanya jambo la ajabu. Sijui fundi ambaye hajawahi kushikisha nati kwa vidole. Mzee akapanda ngazi, akazifungua zote mbili, akalitoa bomba, akaziba ncha zilizobaki wazi kwa vizibo vyekundu vya plastiki, kisha akafunga utepe mwekundu mrefu ulioning'inia hadi nje ya mlango wa chumba. Kijana aliporudi alidhani ameharibu kitu.

"Mzee, nimekosea wapi?"

"Hujakosea, mwanangu. Ila niambie: ungeitwa kwenye ndege nyingine ukiwa huko stoo, na mimi nikaja hapa saa kumi alfajiri na tochi yangu, ningeona nini?"

Kijana akafikiri. "Ungeona bomba limefungwa."

"Basi. Ningefunga mlango na kutia saini."

Mfumo wa haidroliki wa ndege nyingi za abiria hufanya kazi kwa shinikizo la pauni 3,000 kwa kila inchi ya mraba. Bomba lile, nati zake zikiwa za vidole, lisingevuja hata tone pampu zikiwa zimezimwa. Lingekuwa kavu, safi, limenyooka. Mkaguzi angelipitishia kitambaa cheupe na kitambaa kingebaki cheupe. Ndiyo maana kanuni ya mzee ilikuwa hii: nati usiyoikaza sasa hivi usiiweke. Na kama huna budi kuiweka, kwa sababu kifaa ni kizito au kitapinda, basi funga utepe pale pale kwenye nati, wala si kwenye toroli lako la zana, maana toroli husukumwa likaenda na utepe wake.

Kuna jambo jingine dogo alilolishikilia ambalo siku hizi naliona likipuuzwa. Nati ikishakazwa kwa toki hupakwa mstari mwembamba wa rangi, kuanzia juu ya nati hadi kwenye chuma kinachoikalia, ili ikizunguka hata kidogo mstari ukatike na kila mtu aone. Rangi ile ni ushahidi. Mzee hakukubali mtu mmoja akaze na mwingine apite nyuma akipaka, hata kama kazi ingekwenda upesi zaidi. Aliyeshika toki na akasikia mlio wa kipimo kufika ndiye mwenye haki ya kushika rangi. Rangi ikitangulia toki, au ikipakwa na mtu ambaye hakusikia mlio ule, nati ya vidole inakuwa imepewa cheti.

Nilipokuja kusoma ripoti za ajali, ajali moja ilinishika kuliko nyingine zote kwa sababu niliiona hanga yetu ndani yake. Tarehe 11 Septemba 1991 ndege ndogo ya abiria aina ya Embraer 120, safari namba 2574 ya Continental Express, ilianguka karibu na Eagle Lake, Texas, nchini Marekani. Watu wote 14 waliokuwamo walikufa. Usiku uliotangulia ndege hiyo ilikuwa hangani Houston ikibadilishwa mipira ya kuvunja barafu kwenye ukingo wa mbele wa bawa dogo la mkiani. Ili mpira utoke lazima ukingo wenyewe ufunguliwe, na ukingo umeshikwa kwa safu ya skrubu juu na safu nyingine chini.

Zamu ya jioni ilianza kazi. Skrubu za juu zikafunguliwa upande wa kulia na upande wa kushoto pia. Muda ukaisha, watu wakabadilishana. Zamu ya usiku ikamaliza upande wa kulia: ukatolewa, ukawekwa mpira mpya, ukafungwa vizuri. Upande wa kushoto hawakuugusa, ulipangwa kufanywa siku nyingine, na wao hawakujua kwamba skrubu zake za juu zilikuwa zimeshatolewa. Zilikuwa 47. Ndege ile mkia wake una umbo la herufi T, yaani lile bawa dogo liko juu kabisa, na mtu aliyesimama chini haoni sehemu yake ya juu hata akitaka. Skrubu za chini zilikuwepo zote. Asubuhi ndege ikaenda Laredo, ikafika salama. Wakati wa kurudi, ikiwa inashuka kuelekea Houston, ukingo wa kushoto ukang'oka, na ndege ikavunjika angani.

Mtu asiyefanya kazi hii akisikia habari hiyo husema: mafundi wazembe. Mimi nikisoma ripoti ile namwona mtu aliyepanda juu kumsaidia mwenzake, ambaye ni mkaguzi na wala si fundi aliyepangiwa kazi ile, akafungua skrubu kwa moyo mwema ili usiku uende haraka. Msaada wake haukuingia kwenye kadi yoyote ya kazi. Naliona pia neno la makabidhiano: lilisemwa, lakini likamwangukia mtu ambaye baadaye alipelekwa kwenye kazi nyingine. Hakuna aliyekaa kimya kwa makusudi. Habari ilitoka kwa mtu sahihi ikaishia kwa mtu asiyehusika, na juu ya mkia pakabaki ukingo unaoonekana umefungwa.

Tangu hapo nimekuwa mkali kuhusu makabidhiano, na najua wapo wanaoniona nasumbua. Mimi sikabidhi zamu ofisini. Siku za mwanzo tulikuwa tunakabidhiana mezani, daftari likiwa katikati, anayeondoka ameshavaa koti, anayeingia bado ana usingizi. Mtu anasoma mistari mitatu, anauliza "kuna jingine?", anajibiwa "hakuna", basi. Sasa namshika mwenzangu tunakwenda kwenye ndege yenyewe, tunapanda ngazi pamoja, naweka mkono wangu mahali nilipoishia na yeye anaweka wake. Kama kuna mfuko wa skrubu, anauchukua mkononi, tunazihesabu, namba inaandikwa kwenye lebo ya mfuko na kwenye kadi. Mfuko unafungwa kwenye tundu zilikotoka skrubu hizo. Mfuko uliowekwa kwenye benchi ni skrubu tu kama skrubu nyingine za hangani. Mfuko unaoning'inia kwenye ukingo wa bawa unasema wenyewe kwamba hapa hapajafungwa.

Na msaada wa moyo mwema nao una utaratibu wake. Anayepita akanifungulia skrubu hata tatu, namwomba aandike jina lake kwenye kadi yangu kabla hajashuka. Wengine hukasirika, huona ninawatilia shaka. Nawaeleza habari za Eagle Lake, na wengi hushika kalamu.

Kukatishwa kazi ni jambo ambalo watu wa nje hawalijui jinsi linavyotokea mara nyingi. Uko kichwa chini ndani ya kijitundu nyuma ya kiti cha rubani, mkono mmoja unashika pini na mwingine unashika koleo, mara unasikia: "Fundi, njoo mara moja!" Kuna ndege inasubiri, kuna taa imewaka, abiria wameshapanda. Unakwenda. Unaporudi, akili inakuambia ulikuwa umefika hatua ya saba, kwa sababu kabla hujaitwa ulikuwa umeshaiwazia hatua ya saba. Kumbe mkono ulikuwa bado kwenye ya sita. Akili hutangulia mikono, na kumbukumbu hushika kile akili ilichokusudia. Mafundisho ya sababu 12 za makosa ya binadamu katika matengenezo, yaliyotungwa na Gordon Dupont alipokuwa na idara ya usafiri ya Kanada mwaka 1993, yanashauri kwamba ukikatishwa, ukirudi uanze hatua tatu nyuma ya pale unapodhani uliishia. Ushauri huu umeniokoa mara nyingi. Mabango yake yamebandikwa kwenye kuta za hanga nyingi, lakini bango haliwezi kumzuia msimamizi anayepiga kelele kutoka mlangoni. Hanga tuliyofanikiwa kupunguza makosa ya aina hii ni ile ambayo msimamizi alikubali kitu kimoja: fundi aliyevaa kizibao cha njano yuko kwenye mifumo ya kuongozea ndege, haitwi mpaka akivue mwenyewe. Hilo lilifanya kazi kuliko mabango yote.

Rangi inanikumbusha Lima, mji mkuu wa Peru. Tarehe 2 Oktoba 1996 ndege aina ya Boeing 757, safari namba 603 ya Aeroperú, iliruka usiku kutoka mji huo ikaanguka baharini, wakafa watu wote 70. Ndege ilikuwa imeoshwa na kung'arishwa. Kabla ya kuosha, matundu madogo ubavuni mwa ndege hufunikwa maji yasiingie. Matundu hayo hupima mgandamizo wa hewa nje, na kutokana nao ndipo vyombo vya rubani hujua ndege iko juu kiasi gani na inakwenda kasi gani. Mtu aliyetumwa kuyafunika alitumia utepe wa gundi wa rangi ya fedha. Ngozi ya ndege ilikuwa rangi ya fedha. Kazi ikaisha, utepe ukabaki. Msimamizi hakuuona, rubani aliyezunguka ndege na tochi kabla ya safari hakuuona. Angani, juu ya bahari isiyo na taa hata moja, vyombo vikaanza kuwadanganya marubani, kengele zikipishana: moja inasema mnakwenda kasi mno, nyingine inasema ndege iko karibu kuishiwa nguvu ya kuelea. Hawakuwa na njia ya kujua wako juu kiasi gani, maana hata mtu wa rada chini alikuwa anasoma urefu uleule wa uongo unaotumwa na ndege yenyewe.

Aliyeubandika utepe ule alifikishwa mahakamani. Mimi swali langu lilikuwa jingine: vifuniko rasmi vyenye utepe mwekundu mrefu vilikuwa wapi usiku ule? Kifuniko rasmi hutengenezwa kiwe kibaya kwenye macho. Kina rangi ya kupiga kelele, kina mkia unaopepea. Ubaya wake ndio kazi yake. Katika hanga ninayofanya kazi sasa, utepe wa gundi wa rangi ya fedha hauruhusiwi kukaribia ndege inayooshwa, na vifuniko vinahesabiwa vikitoka stoo na vinahesabiwa vikirudi. Namba zisipolingana, ndege haiendi popote.

Kuna kazi pungufu nyingine ambayo huwezi kuitundikia utepe, kwa sababu aliyeifanya mwenyewe anaamini ameimaliza. Mwaka 1978 Boeing 747 ya Japan Airlines iligusisha mkia chini ilipokuwa inatua Osaka, na ukuta wa nyuma unaozuia hewa ya ndani isitoroke ukaharibika. Ulikarabatiwa na mafundi wa kampuni iliyoitengeneza ndege. Pale vipande viwili vinapokutana palitakiwa bamba moja la kuunganisha lenye kushikwa na safu mbili za ribiti, vile vijiti vya chuma vya kuunganishia mabamba, upande wa kiungo. Bamba likakatwa likawa vipande viwili, na sehemu ile ikabaki inabeba mzigo kwa safu moja tu. Ukingo wote ukafunikwa kwa sili, ule utomvu wa kuzibia. Ukiangalia, unaona sili imetandazwa vizuri, ribiti zimejipanga. Miaka 7 baadaye, tarehe 12 Agosti 1985, ukuta ukapasuka, ukaondoka na sehemu ya mkia na mabomba yote ya haidroliki. Walikufa watu 520. Walionusurika ni 4. Katika miaka hiyo yote ndege ilikaguliwa mara kwa mara, lakini mkaguzi huona kile kilichoachwa kionekane.

Ndiyo maana naamini jicho la pili lina maana tu likifika kabla ya kifuniko. Nilifanya kazi na mkaguzi mmoja mwanamke, tulimwita Mama kwa heshima, ambaye hakuwa na mjadala katika jambo hili. Alfajiri moja tulikuwa tumechelewa na ndege yenye fimbo mpya ya kuongozea usukani wa mkiani. Wenzetu, katika ile haraka, walikuwa wameshafunga kifuniko wakamletea kadi atie saini. Msimamizi alisimama pembeni akitazama saa. Mama akasoma kadi, akairudisha.

"Fungueni, wanangu."

Msimamizi akasema kazi imefanywa na mafundi wawili wazoefu, na abiria wako lango. Akajibu bila kumtazama kwamba saini yake haisemi mafundi ni wazoefu, inasema yeye ameona. Kifuniko kikafunguliwa. Akaingiza kioo kidogo chenye mpini mrefu, akamulika, kisha akaingiza mkono mpaka kiwiko na kupapasa kwa ncha za vidole. Akakaa hivyo kidogo. Alipoutoa mkono akasema pini ipo, ila miguu yake haijakunjwa. Kotapini ile huingia kwenye tundu la bolti kupitia kwenye nati, halafu miguu yake miwili hukunjwa ili isirudi ilikotoka. Bila kukunjwa, inakaa pale mpaka mtikisiko uitoe, halafu nati ifuate, halafu bolti. Kwa kioo ilionekana kichwa cha pini tu, na kichwa kilikuwa sawasawa. Vidole ndivyo vilivyogundua. Hakumgombeza mtu. Aliwapa koleo, akasubiri wakunje, akapapasa tena, ndipo akatia saini.

Jicho la pili lazima pia liwe la pili kweli. Januari 2003 ndege ya Air Midwest, safari namba 5481, ilianguka mara tu baada ya kuruka kutoka Charlotte, Marekani, wakafa watu wote 21. Waya za kuongozea usukani wa mkiani zilikuwa zimerekebishwa vibaya, hatua kadhaa za kazi zikarukwa, na mkaguzi aliyepaswa kuihakiki kazi ndiye aliyekuwa anamfundisha fundi kuifanya. Ndege ilikuwa pia na uzito nyuma kupita kiasi, na usukani haukuwa na nafasi ya kushusha pua. Mwalimu humkagua mwanafunzi kwa macho yaleyale aliyofundishia. Alichokiruka wakati wa kufundisha atakiruka wakati wa kukagua.

Na mfano ninaowasimulia vijana wote wanaoanza kazi ya injini ni ule wa Miami. Tarehe 5 Mei 1983 ndege ya Eastern Air Lines yenye injini tatu, Lockheed TriStar, iliruka na watu 172 kwenda Nassau. Usiku wake mafundi walikuwa wamebadilisha kwenye injini zote tatu kile kifaa cha sumaku kinachonasa chembe za chuma ndani ya oili. Kila kifaa huvishwa pete za mpira, oringi, zinazozuia oili isivuje. Mafundi walizoea kupokea vifaa vilivyokwisha kuvishwa oringi. Usiku ule walivichukua vingine, havikuwa nazo, wakavifunga hivyo hivyo, na kadi ikatiwa saini. Injini zikazungushwa kwa sekunde chache kuangalia kama zinavuja; muda huo haukutosha oili kujitokeza. Angani oili ya injini zote tatu ikamwagika. Waliizima moja mapema, mbili zilizobaki zikazimika, na ndege ikashuka bila injini hata moja kuelekea baharini mpaka walipofanikiwa kuiwasha tena ile ya kwanza wakarudi Miami. Wote walipona. Kutokana na mambo ya aina hiyo, katika safari ndefu juu ya bahari kwa ndege ya injini mbili, fundi mmoja haruhusiwi kufanya kazi ileile kwenye injini zote mbili usiku mmoja. Wapo wanaolalamika kwamba kanuni hiyo inapoteza muda wa watu. Mimi naipenda kwa moyo wote. Mazoea yangu mabaya, kama ninayo nisiyoyajua, yataishia kwenye injini moja.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kila kitu kinaweza kuonekana au kupapaswa. Lakini kuna kazi pungufu ambayo imebaki ndani ya kichwa cha mtu mmoja tu, na hapo ndipo hanga hupimwa. Kijana mmoja wa zamu yetu alimaliza usiku, akaenda kwake, akaoga, akalala, akashtuka. Hakukumbuka kukaza bolti za mwisho za kifuniko cha kichujio cha mafuta. Alikumbuka kuziweka, alikumbuka kupokea simu, alikumbuka kutia saini. Katikati palikuwa patupu. Akampigia fundi mkuu. Ndege ilikuwa inapakia abiria. Fundi mkuu hakuuliza "una uhakika?", maana swali hilo humfanya mtu ajibu "sina" halafu kila mmoja arudi kulala. Aliisimamisha ndege, akapeleka watu na toki.

Bolti zote zilikuwa zimekazwa barabara.

Ndege ilichelewa, abiria walilalamika, ofisi ikataka maelezo ya maandishi. Kijana alirudi jioni akiwa amejiandaa kufukuzwa. Fundi mkuu alituita wote, akasema mbele yetu kwamba anamshukuru, na kwamba barua ya maelezo ameshaiandika yeye mwenyewe na jina la kijana hakuliweka. Akaongeza kwamba angependa kupigiwa simu za namna ile mara nyingine mia na kila mara akute bolti zimekazwa. Nimewahi pia kuwa mahali ambapo mtu aliyejitokeza vilevile alikatwa mshahara. Baada ya siku ile pale pakawa kimya kizuri sana kwa wakubwa. Ripoti zikapungua, takwimu zikapendeza, na sisi tuliokuwa chini ya ndege tulijua kwamba mambo hayajapungua, yamefichwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Katika ripoti ya Eagle Lake kuna kipande ninachokirudia kukisoma. Wajumbe wengi wa bodi ya uchunguzi ya Marekani waliandika sababu ya ajali kuwa mafundi na wakaguzi kutofuata taratibu. Mjumbe mmoja, John Lauber, hakukubaliana nao. Alitaka iandikwe kwamba sababu ni pamoja na wakubwa wa kampuni kushindwa kujenga utamaduni wa kufuata taratibu hizo. Alibaki peke yake. Lakini miaka iliyofuata watu wa usalama wa ndege walimfuata yeye, na leo kampuni za ndege na za matengenezo zinatakiwa kuwa na mfumo wa kusimamia usalama unaoanzia juu. Kijana wetu alipiga simu kwa sababu alijua nani atapokea. Fundi mkuu angekuwa kama wakubwa wa pale walikokata mshahara, kijana angejigeuza kitandani akajiambia bila shaka alizikaza.

Siku hizi kadi za kazi zinahamia kwenye kompyuta za mkononi, na napenda mengi yake: mwandiko hausumbui, mchoro wa kifaa unaukuza kwa vidole viwili, namba ya bolti unaihakiki papo hapo badala ya kuifananisha kwa jicho. Kuhusu hilo la mwisho sina utani. Juni 1990 kioo cha mbele cha ndege ya British Airways kiling'oka angani na rubani mkuu akavutwa nusu mwili nje. Bolti 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba kuliko zinavyotakiwa, zimechaguliwa kwa kufananisha, usiku wa manane, na mtu mmoja aliyefanya kazi peke yake. Rubani alipona. Mashine ile ingekuwepo ingemwonyesha namba.

Ila mashine hizi zina tabia moja inayonitia wasiwasi. Kadi ya karatasi iliyoishia katikati ilikuwa na sura ya kuishia katikati: visanduku vitupu, alama ya kidole cha grisi pale ulipofika. Kwenye mfumo tunaoutumia sasa mtu anaweza kuweka alama kwenye hatua zote kumi kwa mpigo mwisho wa zamu, na zinatoka na saa moja ileile, safi, kijani kutoka juu hadi chini. Tumewaandikia wenye mfumo watuwekee kizuizi: kila hatua ipigwe alama peke yake, na hatua ya mifumo ya kuongozea isifunguke mpaka mkaguzi aingize namba yake akiwa mbele ya ndege. Wamesema litaingia kwenye toleo lijalo. Kwa sasa tunaendelea kufunga lebo za karatasi kwenye ndege yenyewe, na kompyuta haipigwi alama ya mwisho mpaka lebo zote ziwe zimerudi mezani na kuhesabiwa.